Fuwele Zilizokatwa Pembe

Mdogo wangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta salama, na goti la mama limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima, ni roho tu haijatulia, na utaniwia radhi nikikueleza polepole. Nyumba imepoa tangu uende kwa mama kwa maandalizi ya harusi. Hata wa kugombana naye juu ya sabuni sina.

Unajua kwamba hapa maabara mimi na mchumba wako tumekuwa tukishindania nafasi moja ya kudumu, na mkuu wetu alishasema kwamba atakayeonyesha pengo ndiye atakayebaki. Uliwahi kuniuliza pengo ni nini, nikakujibu juujuu. Elektroni ndani ya fuwele haziendi zipendako. Zina viwango vyake vya nishati, navyo tunavichora kama mistari tunayoiita mikanda. Katika fuwele zetu mikanda miwili hukatana kama barabara kwenye njia panda. Ukiipoza fuwele sana, elektroni hujipanga mawimbi mawimbi, hapa zimesongamana, pale zimepungua, na mikanda hukatika sehemu fulani. Hilo ndilo pengo. Tunachobishania ni kama njia panda yenyewe husalimika mawimbi hayo yakija.

Sasa, unanijua nilivyo. Tangu ushindani uanze sikumwamini mtu, kwa hiyo kisanduku changu cha fuwele nilikihamishia nyumbani, kabatini chumbani kwangu, na kila fuwele niliikata kipembe kwa wembe iwe alama yangu ya siri. Pamoja na ujanja wote huo, fuwele zangu zilipopimwa hazikuonyesha kitu. Za mchumba wako zilionyesha pengo kila mara. Hapo ndipo nilipochoka akili, maana yeye hana subira na tanuru tunamokuzia fuwele. Hulipoza harakaharaka, fuwele zikatoka na kasoro, na kasoro huyaua mawimbi. Mimi tanuru hulibembeleza kama mtoto mwenye homa.

Nikaanza kushuku. Nilishuku mashine ya kupozea, fundi akaifungua yote, akaniambia mashine haina chuki na mtu. Nikamshuku fundi. Nikamshuku hata mama anayetufagilia maabara, Mungu anisamehe. Mwisho nikamshuku mchumba wako kwamba picha zake za mikanda anazirembesha kwenye kompyuta, nikamwomba mkuu nipime fuwele yake moja kwa mkono wangu. Mchumba wako alisema zimeisha, kisha akasema iliyobaki ni dhaifu, hadi mkuu alipomwamuru aitoe.

Nikaipima. Mgala muue na haki yake mpe: pengo lilifunguka waziwazi, na njia panda ikabaki mahali pake bila kuguswa. Sijawahi kuona mikanda mizuri hivyo, na nilifurahi hata nikasahau ni ya nani. Kisha nikaiweka chini ya hadubini, nikaona kipembe kimekatwa kwa wembe.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikafungua kisanduku. Zilizokuwemo nazo zilikuwa zimekatwa pembe, ndiyo maana sikushtuka siku zote hizo. Lakini kwenye lenzi kingo zake zilikuwa zimechanika na kupinda, kama kitu kilichokatwa kwa mkasi wa kucha. Hazikuwa zangu, zilikuwa za mchumba wako, zimewekwa mahali pa zangu. Mchumba wako angeijua alama ile, asingethubutu kupima fuwele zilizo nayo. Aliyezikata hizi alidhani fuwele zote hukatwa hivyo, ndiyo maana hakumwonya. Na mtu mmoja tu aliwahi kunikuta nikikata, akaniletea chai, akauliza, nikamjibu kwa utani kwamba fuwele nazo hukatwa kucha. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Nililia, sikufichi.

Jana nilimweleza mkuu habari ya alama zangu, jina lako nikalimeza. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ulidanganywa, kwamba hukujua ulichokuwa unakibeba. Mkuu akamwita mchumba wako mbele yangu, akamuuliza nani alimpa. Nilidhani atababaika, au angalau atakukinga kwa uongo mdogo. Akakutaja kabla swali halijaisha. Akasema yeye hakukuomba kitu, wewe mwenyewe ndiye uliyempelekea, ukamwambia kwamba mimi nikikosa nafasi itabidi nirudi kumtunza mama, nawe uwe huru kuolewa na kwenda utakako.

Nilisimama nikamwambia mkuu kwamba huyo ni mwongo, na kwamba mdogo wangu hawezi kuwaza jambo kama hilo. Mkuu ameniamini. Mchumba wako ameondolewa, na nafasi nimepewa mimi.

Msalimie mama sana, na barua hii usimsomee. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Usiniombe radhi kwanza, wala usinieleze habari za harusi. Niambie tu kama nilichomwambia mkuu ni kweli.

Ni mimi,
Dada yako