Mwizi Wangu na Ng'ombe wa Sironka

Bwana Mshauri, salamu kutoka huku chini ya Mlima Meru, naomba msaada wako, ingawa kwa desturi mimi ndiye ninayeombwa, kwani ukiuliza Parsimei ni nani kuanzia Kisongo mpaka Nduruma hata mtoto atakuonyesha nyumba yangu, simba nimemuua kwa mkuki mmoja, na kusoma nimejifunza uzeeni, hata mwalimu Solomoni wa misheni alishangaa.

Sasa sikia. Gazeti lenu lilipotaka hadithi za kutunga nikasema hao vijana watatunga nini, nikatunga mimi, hadithi ya mwizi wa ng'ombe, na Solomoni akaniambia, "Mzee, mtu wa hadithi asipokuwa na kitu cha kumtambulisha, wasikilizaji watamsahau kabla hawajafika kwao," basi nikampa mwizi wangu mguu wa kuchechemea, nikampa kikohozi, nikaona bado, nikampa na ng'ombe wake mwenyewe wenye alama, sikio la kushoto limepasuliwa mara mbili, la kulia limekatwa ncha, na alama hiyo nimeitoa kichwani mwangu, sikumwuliza mtu. Mkaichapa. Gazeti likaletwa na wapagazi, Solomoni akalisoma kwa sauti uwanjani baada ya ibada, watu wakacheka wakashika mbavu, nami nimekaa mbele kabisa, mara yule mama mwenye mdomo, Naipanoi, akapiga kelele, "Jamani! Hayo masikio si ndiyo ya ng'ombe wa Sironka hayo!" Wote wakageuka kumtazama Sironka, naye akainuka akaenda zake bila kuaga.

Huyo Sironka ndiye baba wa Nosim, binti aliyeposwa na mwanangu Loserian, na asali ya posa tulikwisha peleka wakaipokea. Kesho yake kibuyu cha asali kikarudi mlangoni pangu na maneno haya: "Mwambieni Parsimei mwizi hapokei asali yake." Tangu hapo mwanangu hali vizuri, na nikimsemesha anatazama pembeni.

Mimi nashuku. Namshuku Naipanoi, ametumwa na watu wanaomtaka Nosim kwa kijana wao. Namshuku na Sironka mwenyewe, maana mtu asiye mwizi atamkasirikiaje mwizi wa hadithi? Tulipobeba mawe ya boma la Wajerumani yeye alisema mgongo unamuuma, na ng'ombe wake ndipo walipoongezeka. Hata wewe sikuamini sana, hukai huku. Lakini nijibu: nitamtungaje mtu asiyesahaulika bila watu kusema ni jirani yangu? Kuomba radhi siombi, sijakosa.

Mimi Parsimei, Arusha.

JIBU

Mzee Parsimei, shikamoo. Heshima yako nimekwisha kukupa, sasa kaa unisikilize.

Alama ile hukuitoa kichwani. Umenywesha ng'ombe mto mmoja na Sironka tangu ujana. Jicho lilizoea, mkono ukaandika. Nawe unajua kuliko mimi kwamba huko kwenu sikio la ng'ombe ni jina la mwenyewe. Umemwita mkwe wako mwizi mbele ya waumini wote, halafu unauliza kwa nini amekasirika! Angekuandika wewe hivyo, ungemfuata na ule mkuki wako. Naipanoi hakutumwa na mtu, ana macho tu. Na habari ya mgongo wa Sironka imeze kabisa. Unatamani awe mwizi kweli ili wewe usiwe na kosa, na anayeumia ni Loserian, ambaye hakuandika hata herufi moja. Kijana huyo namhurumia sana.

Tuje kwenye utunzi. Mguu, kikohozi, masikio, yote hayo ni nguo, nawe umemvika mtu ambaye bado hujamzaa. Nimeisoma tena hadithi yako: mwizi anachechemea toka mwanzo hadi mwisho, hasemi neno. Kwa nini anaiba? Akikamatwa atajiteteaje? Anamwonea nani haya? Mwizi aliyekwisha toa ng'ombe zizini, kisha akarudi kufunga mlango ili fisi wasile ndama, huyo watu watabishana juu yake sokoni mpaka jioni, wala hawatamtafuta jirani, kwa sababu watakuwa wanamwona yeye. Na majivuno unayo tele, mgawie kidogo. Mwizi mwenye kujisifu hunoga.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa Sironka kwa miguu yako mwenyewe, na mbele ya wazee wake useme, "Alama ni yako, mwizi nimemtunga mimi, na si wewe." Habari za simba usizilete. Kisha itengeneze hadithi upya, ng'ombe wa mwizi wavae alama ya ng'ombe wako wewe. Tutaichapa, Solomoni ataisoma pale pale, nawe ukae mbele wakikucheka. Baada ya hapo peleka asali mpya, si ile iliyorudi.

Na kama kuomba radhi kumekushinda, mwache Loserian aende na mjomba wake, wakaombe kwa niaba yako. Watapokelewa. Ila siku ya arusi usishangae kumkuta mjomba amekalishwa mahali pa baba.