Rangi Tatu Zimekataa Kukutana

Jumatatu, 11 Mei 1998

Abdirizak ameniita hotelini kwake. Ile televisheni kubwa aliyoletewa na ndugu yake kutoka Dubai imefika — kubwa kama kabati zima la nguo, wanaume sita kuishusha. Anataka iwe tayari Kombe la Dunia likianza. Nimewasha. Maskini! Kila mtu yuko mara tatu: mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, wamesimama bega kwa bega. Ndani kuna taa tatu zinazorusha picha kwenye kioo, na zikiachana ndiyo hayo. Ni barabara ya Mombasa imeitikisa, nimemwambia. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema kesho. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 12 Mei

Kuna kitufe ambacho kazi yake ni kunyoosha picha. Unabonyeza, misalaba myeupe inatokea, vijicho vidogo vilivyofichwa ukingoni mwa kioo vinaisoma, mashine inajirekebisha yenyewe. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nimebonyeza mara tisa. Misalaba inacheza, inakufa, inaandika namba ya kosa. Abdirizak ameguna kuona misalaba mingi hivyo hotelini kwake.

Akaweka kanda ya kujaribia. Aliachiwa na wale watu wa misaada waliopiga video wakati wa mafuriko, Desemba. Magunia ya mahindi yanashushwa kutoka kwenye boti, vijana wanabeba. Mama Qabale alikuwa ndio anaingia na maziwa, kama kila asubuhi. Akasimama. Akaweka kibuyu chini. Akasema yule pale ni Dabaso.

Dabaso ni mwanawe. Maji yalimchukua Januari akivusha ng'ombe, hajapatikana mpaka leo. Mama hana picha yake hata moja, na kitambulisho kilienda naye. Macho yake nayo yanakufa. Televisheni ndogo kwake ni mwanga tu. Hii kubwa ndiyo imemwonyesha mtu. Uso hakuuona, alisema, amemjua kwa kutembea. Mimi nilimjua Dabaso vizuri, alikuwa akiniletea redio nimtengenezee kila mwezi. Nilikodoa macho, nikaona ukungu wa rangi tatu unaobeba gunia.

Ameniomba nimnyooshee ule uso auone kabla macho hayajazima. Nimeahidi. Ahadi ya pili, na Jumatano haijafika.

Alhamisi, 14 Mei

Nimeziba madirisha kwa mablanketi maana mwanga wa jua unavichanganya vile vijicho. Ndani joto la tanuri. Nimefungua nyuma, nimefuta kioo na vijicho vyote nane kwa pamba. Vumbi la kutosha kulima mpunga! Nimebonyeza. Kosa lile lile.

Mke wangu Margaret amenisema wakati wa kula. Ng'ombe wa kina Qabale walimaliza shamba la baba yako, na wewe unawatolea jasho. Nikamwambia huyu mama hana ng'ombe tena, anachuuza maziwa ya wenzake, wala mtoto hana. Halafu akaniongezea samaki bila kuniangalia.

Jumamosi, 16 Mei

Nimeupata ugonjwa. Aisii mbili, zile saketi ndogo zinazosukuma rangi mahali pake, zimeungua. Jenereta la Abdirizak linapanda na kushuka linavyotaka. Nimeagiza Mombasa kwa mkono wa dereva wa basi.

Mama Qabale anakuja kila siku, anakaa kiti cha mbele, televisheni imezimwa. "Fundi, imekutana?" Bado, mama. "Mimi iko hapa tu."

Jumanne, 19 Mei

Basi limekwama matopeni kabla ya Minjila. Mvua.

Mama amesema jicho la kushoto limezima kabisa leo. Amelisema kama anavyosema maziwa yamekwisha. Madaktari wa macho waliowahi kuja kutoka Mombasa walimwambia hawana dawa ya kurudisha. Nimerudi nyumbani na hasira, sijui ni za nani.

Ijumaa, 22 Mei

Aisii zimefika. Nimezichomelea. Rangi zikakaribiana! Bado kidogo tu. Basi kwa furaha yangu ya kijinga nikabonyeza kitufe kimalizie. Zote zikatawanyika.

Ndipo nikasoma karatasi iliyokuja na vifaa. Kwanza unanyoosha kwa mkono, nukta kwa nukta. Unahifadhi. Ndipo kitufe. Mashine haijui kilichonyooka ni kipi, inarudia tu ilichofundishwa mara ya mwisho. Ilifundishwa kupinda na inapinda kwa uaminifu wote. Siku kumi na moja nabembeleza kitu kisichojua. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewaambia wateja hivyo.

Jumapili, 24 Mei

Sikwenda kanisani. Kijani hakiguswi, ndicho kipimo. Unaisogeza nyekundu mpaka ikilalie, kisha buluu. Nukta zaidi ya mia kwa kila rangi. Ukinyoosha kona ya juu, ya chini inajikunja. Nilitaka kulia saa sita. Saa kumi alasiri misalaba yote ilikuwa myeupe. Nikahifadhi. Nikabonyeza kitufe macho nimefumba. Imekaa! Imetulia kabisa.

Nikaweka kanda.

Kijana ana gunia begani, ameinamisha bega la kushoto anavyotembea. Kweli, Dabaso mtupu. Kisha anageuka kumcheka mwenzake.

Si Dabaso. Uso mpana, ndevu zimeanza. Simjui. Labda mtu wa kule Ndera, labda alikuja na boti. Nimerudisha nyuma mara nne. Halafu nikaitazama kanda yote mpaka mwisho, uso mmoja mmoja. Dabaso hayumo.

Bora ningeiacha imeungua.

Sikumwambia Abdirizak. Margaret nimemwambia. Akauliza kama huyo kijana wa watu bado yu hai.

Jumatatu, 25 Mei

Naandika nikiwa nyuma ya televisheni. Nimetoa kifuniko, najifanya nafanya kazi.

Mama Qabale amekuja mapema, bila maziwa, amevaa leso mpya. Ameshika ukuta mpaka kwenye kiti chake. "Fundi, imekutana?" Bado, mama. Nimemdanganya mtu mzima, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilidhani ataenda zake, nipate kufikiri.

Hakwenda. Amekivuta kiti mpaka goti linagusa kioo. Amesema jicho hili lililobaki jana lilimwonyesha moto wa jiko kama moshi, kwa hiyo hangoji tena. "Weka hivyo hivyo. Wale watatu. Mimi najua mtoto yangu."

Ikiwaka sasa atamwona mtoto wa watu, uso mzima, safi kuliko alivyowahi kuona kitu mwaka huu. Kazi yangu nzuri kuliko zote.

Nyekundu nimeshaiondoa juu ya kijani kwa skrubu ya huku nyuma. Haikuchukua hata dakika. Buluu bado iko mahali pake, na kidole changu kiko juu ya skrubu yake. Anauliza mbona nimenyamaza.