Kuku Wangu wa Siku Thelathini na Tano

S.L.P. 61,
Sosiot.
14 Septemba 2025

Mpendwa Dada Monicah,

Chamgei! Joto la Lodwar linakutendeaje? Na ule mgongo uliokusumbua kwenye kazi ya wodini umepata nafuu? Sisi huku ni wazima. Mvua inanyesha kila alasiri na majani chai hayatupi nafasi ya kupumua. Mama anatembea vizuri, na bado anaulizia simu yako kila Jumapili.

Dada, nimeamua kukuandikia kwa sababu habari hii haitoshi kwenye simu. Kuku wangu wamefaulu!

Unakumbuka nilivyolia mwezi wa Aprili. Kundi lile liliharisha kuanzia wiki ya tatu, maranda ya mbao niliyowatandikia yakalowa na banda likanuka hadi macho yakawasha. Kati ya vifaranga mia mbili nilizika thelathini na wanane. Waliobaki niliwapeleka Sotik kwa Owiti, mpishi wa hoteli anayenunua kwangu. Alimwinua mmoja, akanitazama. "Mama, hii ni kuku ama ni kwale?" Nilirudi nao wote nyumbani.

Benard wangu hakunigombeza, lakini alinunua mbao za kugeuza banda liwe la ndama. Akaniambia, "Rodah, kundi moja tu. Likikataa, ndama wanaingia."

Ndipo nikamwendea Nyabate, yule daktari wa mifugo mwenye duka la dawa Sotik. Nilibeba mmoja wa wale niliorudi nao, aliyekufa asubuhi hiyo. Alimpasua mbele yangu, akanionyesha utumbo: mwembamba, umejaa hewa, chakula kimepita bila kusagika. Aliponiuliza nilikuwa nawapa nini, nilimweleza kwa fahari kwamba niliweka antibiotiki kwenye maji kila siku, tangu siku ya kwanza, ili wawe na nguvu.

"Hiyo ni dawa ya mgonjwa," akasema, "na ni mpaka daktari aseme. Wewe umeua hata bakteria wazuri wanaolinda tumbo."

Niliona aibu, Dada. Kumbe nilikuwa nawaharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Alinipa unga wa probiotiki, yaani hao bakteria wazuri, wa kuchanganya na maji kuanzia siku ya kwanza. Maji yawe ya mvua, kwa sababu yale ya mfereji yana klorini na klorini inawaua. Kwenye chakula akaniongezea kimeng'enya cha kusaidia kusaga nafaka. Pia nigeuze maranda kila asubuhi.

Nikaleta vifaranga wapya, nikafuata yote aliyosema. Siku yao ya kumi na sita nikaona kinyesi cha majimaji. Nilikuwa nimeshika pakiti ya antibiotiki juu ya ndoo nilipompigia Nyabate. Aliuliza kama kuna damu. Hakuna. Wanakula? Wanakula. "Basi weka hiyo pakiti chini, upapase maranda chini ya vyombo vya maji."

Chombo kimoja kilikuwa kinavuja! Kona nzima ilikuwa matope. Nilikitoa, nikaweka maranda makavu, na baada ya siku mbili kinyesi kikawa kigumu. Ile pakiti sikuifungua.

Siku ya thelathini na tano tulipima. Benard mwenyewe ndiye aliyeshika mizani. Kuku wa kwanza: kilo mbili na gramu mia. Akasema mizani imeharibika, akampima tena. Akapima kumi, wote wakazidi kilo mbili. Vifo katika kundi zima ni vinne tu. Owiti alikuja mpaka hapa nyumbani, akabeba wote, na akaagiza kundi lijalo kabla vifaranga hawajafika. Zile mbao Benard anazipigilia sasa hivi ninavyoandika. Anajenga banda la pili.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jumanne akina mama kumi na wawili wa kanisa walikuja nyumbani kujifunza. Mimi niliyeachia masomo darasa la saba nilisimama mbele yao, nikawaeleza utumbo wa kuku unavyofanya kazi. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa miongoni mwao, Dada, na alikuwa anaandika kila nilichosema.

Msalimie shemeji Alfayo na watoto. Mama na Benard wanawasalimu sana. Mungu awafunike, awape afya na usingizi mtamu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda siku zote,

Rodah Chepkemboi