Sindano ya Cherehani ya Mama

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Mafundi.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba magoti yanamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa.

Pesa ulizotuma nilipie kodi ya cherehani nimezipata. Ahsante, najua umejinyima. Nimezirudisha humu humu. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Kodi ya kichwa tulilipa, ya nyumba tukalipa. Sasa Serikali ya wageni hawa inataka kila cherehani ilipiwe, tena zaidi ya ninachopata kwa miezi miwili. Asiyelipa ananyang'anywa. Mafundi wote wa mtaa tukakubaliana: hatulipi, wala hatumrushii mtu hata kokoto. Cherehani tutawapelekea wenyewe.

Jumatatu moja mwezi uliopita tukajitwika cherehani arobaini na moja hadi ofisi ya Bwana Mkubwa, tukazipanga barazani. Kuiacha ya Mama kuliniuma, Kaka, sikufichi. Ndiyo iliyotusomesha. Karani akaziandika moja moja huku akicheka. Hakujua kwamba kila mmoja wetu alichomoa sindano kabla ya kutoka nyumbani.

Sasa wamekwama. Sare za askari zimekatwa, hazijashonwa. Mwenye duka naye anaapa sindano za cherehani zimemwishia, na yule hata dawa ya panya haijawahi kumwishia. Wiki iliyopita Bwana Mkubwa alituita, suruali yake imeshikwa na pini, akauliza sindano ziko wapi. Wenzangu wakanigeukia mimi, na unajua kwa nini mliniita Chiriku.

Nikamwambia, "Bwana, tangazo lako lilitaja cherehani. Sindano halikuitaja."

Akatutishia jela. Tukaketi palepale barazani, tukaanza kushona kwa mkono. Mpaka leo tunaketi hapo kila asubuhi. Kazi inakwenda kwa kujikokota na njaa ipo, lakini woga umetutoka.

Jana askari walianza kupekua nyumba. Kwangu najua watapindua hadi godoro. Ndiyo maana sindano ya Mama nimeichomeka kwenye karatasi hii, chini ya jina langu.

Nisalimie shemeji na yule kitindamimba wenu. Baba anasema Mungu akufunike, nawe ujifunike kifua.

Itunze, Kaka. Uirudishe siku cherehani ya Mama itakapotoka pale barazani bila kulipiwa hata senti. Nikikuandikia kabla ya hapo kwamba nimechoka, niletewe sindano nilipe kodi yaishe, usinisikilize.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku