Mama Yako Hakukataa Kuja

S.L.P. 418,
Nyumba ya kona, ghorofa ya chini.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu. Kabla sijasema lolote nakuuliza hali yako. Mikono iliyokuwa ikikufa ganzi kwa baridi ya ghala imepata nafuu? Glavu nene alizokuahidi msimamizi wenu umepewa, au bado ni ahadi? Usikae kimya mpaka vidole vikatae kufunga kifungo. Mkeo naye nadhani hajambo. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika nikipanda ngazi, lakini yalianza kulalamika zamani, nami nimezoea kutoyasikiliza.

Hapa mvua imeanza na mfereji wa paa unavuja palepale ulipouziba wewe kwa lami kabla hujaondoka. Kinyozi, jirani yangu, anakusalimu. Bado ananyoa upande mmoja juu kuliko mwingine, na bado anasema huo ndio mtindo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nilipokuandikia baada ya binti yako kula kiapo cha uuguzi, nilikwambia kwamba mama yako alialikwa akakataa kuja. Hilo si kweli. Hakukataa. Hakujua. Aliyemzuia ni mimi, bila kukusudia, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama hasira itakushika katikati.

Unafahamu kwamba nilifundisha lugha na mwandiko maisha yangu yote ya kazi. Wanafunzi wangu waliandika herufi za kuunganisha, zenye mikia iliyolala upande mmoja, na aliyeandika kama kuku alirudia ukurasa. Mwaka huu kinyozi alinitilia programu fulani kwenye simu. Unaandika maneno ya kawaida, nayo inayageuza yakawa na mikia na mizunguko, sawasawa na yale niliyokuwa nikiyachora ubaoni. Nilifurahi kupita kiasi. Tangu siku hiyo, kila nilichotuma kwenye kundi la familia, hata salamu za asubuhi, nilikituma kwa mwandiko huo. Ndugu walisifu. Shemeji yako, fundi umeme, aliuliza kama nimeajiri karani. Kichwa kikavimba.

Wewe ulikuwa umemwambia mama yako kwamba binti anakaribia kuapishwa, na kwamba tarehe nitampa mimi. Nilimpa. Niliandika tangazo lililonyooka, lenye siku, saa na ukumbi, pamoja na maelezo kwamba gari litasubiri kwenye kona ya duka la dawa. Nililiweka kwenye kundi, kisha nikamtumia dada, yaani mama yako, nakala yake peke yake, kwa heshima ya ukubwa wake. Vyote kwa herufi zile za mikia.

Siku yenyewe tulisubiri kwenye kona. Dada hakuonekana. Dereva akasema, "Mzee, si pale tu nyuma ya kiwanda cha sabuni? Nikamgongee mara moja."

Nikamjibu, "Ameandikiwa."

"Lakini mzee, yule mama macho yake..."

Nikamwambia kwamba simu yake humsomea, na kwamba mtu aliyeandikiwa hapigiwi hodi. Tukaondoka. Nyumba yake, mpwa wangu, ilikuwa mtaa wa pili tu. Bati lake tuliliona tulipokata kona.

Wala sikuishia hapo. Baadaye mezani, binti yako alipouliza bibi yuko wapi, nilisema mbele ya ndugu wote kwamba wako watu wanaopenda kubembelezwa hata katika furaha za wenzao. Watu wakacheka. Binti yako hakucheka. Kesho yake nikakuandikia wewe, kwa maneno niliyoyapima vizuri ili yakuume vya kutosha.

Juma lililopita nilikwenda kwa dada. Sikufichi: nilikwenda kumkanya, ingawa yeye ndiye mkubwa. Nilimkuta karibu na dirisha akichambua vifungo kwa kuvipapasa, vikubwa huku, vidogo huku, kazi anayomsaidia mshonaji aliyepanga chumba cha nyuma. Nikaanza hotuba. Aliniacha niseme mpaka nikatua, ndipo akasema, "Umemaliza, mwalimu? Haya, na mimi nikusomee."

Akaichukua simu yake. Binti yako aliitengeneza itamke kila kilichoandikwa, tangu macho yalipoanza kuzidiwa na ukungu. Akagusa. Simu ikataja jina langu, ikataja saa, ikanyamaza. Akagusa tena. Jina langu, saa, kimya. Akagusa tena na tena, na kila mara ilikuwa hivyohivyo.

"Kila asubuhi unaniamsha na hiki," akasema. "Nikawa najiuliza, huyu mdogo wangu ananidhihaki? Kwa kuwa sioni, basi ananitumia hewa?"

Nikasema simu imeharibika.

"Imeharibika? Hebu." Akagusa ujumbe wa muuza nyama. Simu ikasoma kwa ile sauti ya mwanamke asiye na haraka: mama leo ipo nzuri nikuwekee mfupa au nisikuwekee. Niliinama kuutazama. Hauna herufi kubwa, hauna koma, hauna alama ya kuuliza. Muuza nyama alisikika neno kwa neno. Mimi sikusikika hata silabi.

"Na kwenye kundi," dada akaendelea, "nikisikia huyu anasema tutafika, yule anasema hongera, tutakuwepo. Nikasema, wanafika wapi hawa? Niulize? Mtu hakualikwa, aanze kuuliza mlango uko wapi?"

Hapo nikakumbuka kwamba siku zile alinitumia ujumbe wa sauti, mfupi sana: "Ndugu yangu, ukiwa na neno, sema." Mimi nilidhani ni kiburi. Niliufuta.

Tulimpigia binti yako palepale. Mwanzoni alicheka, kisha akaelewa tunazungumzia siku gani, kicheko kikakatika. Alinieleza, nami nakueleza kadiri nilivyomwelewa. Simu haizijui herufi kwa sura kama sisi. Inazijua kwa namba, na kila herufi ina namba yake. Zile herufi zangu za mikia hazimo miongoni mwa herufi. Ni alama zilizotokana na herufi, zikapewa namba nyingine mbali kabisa, kwa ajili ya watu wa hisabati, ambao kwao a iliyonyooka inaweza kuwa kitu kimoja, na a ya mkia ikawa kitu kingine. Alama za jamaa hiyo ziko nyingi. Ile R iliyofungwa ndani ya duara kwenye makopo ni mojawapo, na hata ile C yenye kiduara, ya kupimia joto, imo. Jicho linapoona mwandiko mzuri, simu inaona safu ya alama za hesabu. Kuna simu huzitaja moja moja, mtu akadhani anasomewa mtihani. Ya mama yako huziruka.

Nikamuuliza kama hakuna namna ya kuifundisha simu isome.

"Babu," akasema, "rahisi zaidi ni wewe kuandika kama muuza nyama."

Dada akacheka mpaka vifungo vikamwagika. "Mwambie, mjukuu wangu! Huyu tangu utotoni alipenda mwandiko kuliko maneno."

Niliokota vifungo, na nikiwa hapo chini nikamwomba radhi. Alisema alikwisha kunisamehe niliposema simu imeharibika, maana hapo alijua sina hila, nina ujinga tu.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimesimama, nimeshika kofia. Akagusa ujumbe mmoja zaidi. "Lakini huu niliusikia," akasema.

Ulikuwa wako. Simu iliusoma vizuri kabisa, kwa sauti ileile iliyosoma habari za mfupa: Mama, umeniaibisha mbele ya mwanangu. Sina la kukwambia kwa sasa.

Baada ya huo hakuna mwingine. Aliniambia kwamba mara ya kwanza alidhani umekosea mtu, kwamba ulikuwa unamwandikia mama wa mwingine. Kisha akasema labda hukukosea. Labda liko jambo alilolifanya akalisahau, uzee una mambo. Amekuwa akiketi pale dirishani akilitafuta kosa lake, mpwa wangu. Alinitajia mawili matatu aliyoyapata. Moja ni kwamba alikuchapa kwa ajili ya kikombe kilichovunjwa na mwenzako. Aliniuliza kama naona ni hilo.

Nilimweleza yote wakati ule: tangazo, kona, dereva, maneno yangu mezani, na barua niliyokuandikia. Alinisikiliza. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema tu, "Kwa hiyo mwanangu alikuamini wewe." Akarudi kwenye vifungo.

Tangu hapo nimewapigia simu wote waliokuwa mezani, mmoja mmoja, kwa sauti yangu, nikasema nilikosea na dada hakuwa na kosa. Unajua nisivyopenda simu za maneno. Shemeji fundi umeme aliuliza kama kuna mtu amenishikia bunduki. Shangazi yako wa mwisho hakufanya mzaha. Alisema, "Siku ile nilicheka na mimi," akakata. Programu ya kinyozi nimeifuta, naye amenuna kidogo. Amesema nimeikosea bure, ilifanya kazi yake.

Binti yako alipopata siku ya mapumziko alikwenda kwa bibi yake akiwa amevaa sare kamili. Bibi akaipapasa kuanzia kola hadi pindo, akashika beji, akashika kofia, kisha akamwambia kwamba kifungo cha tatu kimeshonwa na mtu mvivu. Akakikata, akakishona upya kwa kupapasa. Nilikuwepo. Nilitaka kutoka nje, lakini binti akanishika mkono nikakaa.

Hayo yote yametengenezeka, au yanaelekea. Lililobaki ni la kwako, na ndilo nisiloweza kulitengeneza, kwa sababu nililiharibu kwa maandishi mazuri yaliyosomeka vyema. Hukukosea kuniamini, mpwa wangu. Mimi ndiye niliyekutolea ushahidi wa jambo nisilolichunguza. Nilikuwa na miguu ya kunifikisha mtaa wa pili nikaulize, sikwenda. Hasira yote uliyokuwa umemwekea mama yako ihamishie kwangu, na usipunguze.

Nilimwambia dada kwamba nitakuandikia nikuombe umpigie simu. Akakataa katakata. "Usimtume," akasema. "Akipiga kwa kutumwa nitajua, na nitazungumza naye kama ninavyozungumza na muuza nyama." Aliniapisha, nami nimeapa.

Kwa hiyo sikutumi. Nimekueleza yaliyotokea, basi. Nakuarifu tu, kama habari ya kawaida ya mtaani, kwamba baada ya adhuhuri mshonaji huzima cherehani na kujinyoosha, nyumba ikawa kimya, na dada hukaa na simu mapajani bila kuigusa.

Mkeo mpe salamu zangu, na umweleze mambo yalivyokuwa, maana nadhani naye alisikia habari yangu ya kwanza. Wanakusalimu binti yako, shemeji fundi umeme, shangazi yako wa mwisho, na kinyozi, hata akiwa amenuna. Mama yako hakunipa salamu za kukufikishia. Alisema zake anazo mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akutunze ugenini, akuepushe na ndugu wenye haraka ya kuhukumu, na akinikuta mimi miongoni mwao anirekebishe kwa upole.

Nabaki wako akupendaye, niliyekukosea,

Mjomba.