Tahasusi ya Biashara na Goti la Mama Awadhi

Mpendwa Babu Lukumani, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana siku hiyo ndiyo mwisho wa kubadili tahasusi na nyumbani kwetu Isevya hakukaliki, mimi nimemaliza kidato cha nne nimefaulu na nimechagua kusoma Uchumi, Biashara na Uhasibu kidato cha tano, lakini baba yangu Mfaume, anayeuza asali sokoni kama alivyouza babu yake, anasema biashara haisomwi, biashara inarithiwa, "Uende bweni ukafundishwe kuuza na mwalimu ambaye hajawahi kuuza hata karanga?", anataka nisome Kemia na Baiolojia niwe daktari, na kibaya zaidi ameshatangaza barazani kwamba binti yake ni daktari, sasa watu wanakuja, Babu, Mama Awadhi amefunua goti lake mbele ya wageni akaniuliza, "Dokta, hili ni baridi au ni uzee?", mwingine kaniletea mkojo kwenye chupa ya soda, na mimi nikiona damu tu nazirai, baba anadai namba ya siri ya akaunti yangu ya kuchagulia masomo mtandaoni akabadilishe mwenyewe pale steshenari, nimemwambia nimeisahau, lakini ninayo kichwani na sitaitoa, je, mimi ni mtoto mkaidi?

Tunu, Isevya

Marahaba, Tunu. Umefika kwa mwenyewe. Masomo hayo ya biashara mimi niliyasoma mpaka walimu wakawa wanakuja kuniuliza.

Haya, uongo mtupu. Niliishia darasa la tano. Siku tulipoanza hesabu za riba nilitokea dirishani kwenda kutega kwale, na sijarudi hadi leo. Lakini babako namjua. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Ni watani tangu babu zake walipokuwa wakipita kwetu na pembe za ndovu kichwani kwenda pwani. Kwa hiyo nitamsema hapahapa gazetini, na hana pa kunishtaki.

Biashara inarithiwa? Basi ni nani yule aliyenunua madumu ya asali iliyokorogwa na sukari, bila kuonja, kwa sababu muuzaji alimwita "shehe"? Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, mtu anayesalimia vile hawezi kudanganya." Huyo ndiye anayesema hakuna cha kusoma! Amerithi kibanda, mwanangu. Biashara yenyewe bado inamtafuta.

Sasa zamu yako, usicheke. Ukaidi wako naupenda, uongo wako siupendi. "Nimesahau" ni neno la mtu aliyejificha chini ya kitanda. Leo baada ya magharibi mchukue yule shangazi ambaye babako anamwogopa, kila ukoo unaye mmoja, mkae naye mbele ya babako, useme: "Baba, namba naijua, na sikupi. Nitasoma biashara." Useme kwa adabu, magoti chini ukitaka, lakini usiongeze "samahani." Akifoka, mwache afoke. Ijumaa itapita na yeye atachoka. Mama Awadhi mwelekeze zahanati, wala usimguse hilo goti hata kwa dawa ya kuchua. Wewe si daktari, na kuigiza udaktari kutaua mtu.

Na nikwambie kinachomuuma Mfaume. Si Kemia, hata hajui inafananaje. Anaogopa kurudi barazani kulimeza neno lake. Mlete kwangu kwanza. Nitamcheka mimi, kwa haki ya utani, nimcheke mpaka machozi yanitoke, na akishachekwa na mtani wake hakuna atakayethubutu kuongeza.

Halafu kuna jambo langu dogo. Alipohamia Isevya nilimbebea kitanda cha mninga, mimi peke yangu, akaapa ipo siku atanibebea chochote nitakachotaja. Nakitaja leo. Siku ya kwenda shule, tranka lako alibebe yeye, kichwani, kama babu zake, apite nalo mbele ya nyumba yangu. Mwambie apunguze mwendo, macho yangu si mazuri na nataka kumwona vizuri.