Banza, Kwa Nini Uliyakataa Maji Yangu

Banza, rafiki yangu,

Nilitaka kuandika "ndugu yangu" kama zamani, kalamu ikakataa. Basi chukua "rafiki", na hilo nalo nakupa shingo upande. Ningekuja kaburini kukuambia haya, lakini najijua. Ningepiga kelele, na watu wa kampi ya reli tunamokaa wangesema Ngoy amerukwa na akili, anagombana na maiti. Kwa hiyo nimekaa nyuma ya nyumba, karatasi juu ya ubao, ubao juu ya magoti, na mke wangu nimemwambia asiniletee mtu yeyote.

Matanga yako tuliyamaliza vizuri. Watu wa reli walikuja. Wa kwenu Kabondo-Dianda walichelewa kwa sababu barabara ilikuwa matope matupu, lakini walifika, wakalia, wakala, wakarudi. Mvua zimeanza. Mahali pako wameweka kapita mwingine wa kusimamia wafanyakazi, mtu mwenye mdomo mchafu kukuzidi, na kazi yenyewe haijui. Mimi nilikusifu mbele ya watu wote. Nilisimama nikasema Banza ni mtu ambaye ungempa mgongo wako bila kugeuka kuangalia. Watu wakaitikia. Malgarita, mke wako, aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni huzuni tu.

Baada ya matanga akaja kwangu. Nilimpa kiti akakikataa, akaketi chini, mtoto mgongoni. Akasema, "Ngoy, ule muzungu wa reli, bwana yangu njo alimupeleka kule ku maji ya kwenu. Minyi nilijua. Alinikataza kusema." Yaani ni wewe, Banza. Kisha akalia.

Nilicheka, Banza. Haki ya Mungu, nilicheka, nikifikiri msiba umemchanganya. Halafu nikakumbuka siku zako za mwisho, kicheko kikanikauka mdomoni.

Ngoja nikukumbushe, maana inaonekana ulisahau mapema. Tulipoanza kazi ya reli tulikuwa vijana, kazi yetu kubeba vyuma na mataruma, kuinama na kuinuka kutwa nzima juani. Mwaka wa pili mgongo wako ulikaza kama ubao. Hukuweza hata kuinama kufunga kamba ya kiatu, nikawa nakufungia mimi, na wenzetu wakitucheka eti tumeoana. Zahanati walikupa mafuta ya kusugua yenye harufu kali, wakakurudisha kazini. Hukuwa na mama karibu wala dada. Nikakuhurumia, nikakupeleka kwetu.

Unajua vizuri nilikupeleka wapi. Maji yale yanatoka kati ya mawe, ya moto, ya chumvi, na chumvi yenyewe inaganda nyeupe kwenye mawe kama ukoko wa sufuria. Ni ya ukoo wa mama yangu. Bibi zetu waliloweka magoti yao mle, wawindaji wakaloweka miguu, wanawake wakaloweka viuno baada ya kuzaa. Mgeni haingii. Lakini mama alikushika mkono, akakumwagia maji mgongoni kwa kibuyu, akasema mbele ya mjomba wangu anayelinda mahali pale, "Uyu naye iko mutoto wangu." Basi, ikatosha. Ulizama hadi shingoni, ukauma meno, na mama akakuambia, "Usipigane nayo, mutoto. Wacha ikufungule." Ulikaa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, ukatoka polepole kama ulivyoambiwa, ukajifunika blanketi, ukalala kwenye mkeka wa mama hadi jua likageuka. Ulipoamka uliinama, ukagusa vidole vya miguu, ukalia kama mtoto. Mimi nilikuwepo.

Na sharti ulilisikia siku ileile. Aliyemkosea mtu wa nyumba hii asiingie majini mpaka amwambie kwa kinywa chake mwenyewe. Akiingia na neno lake tumboni, maji hayatamfungua, yatamkaza. Na si pale kwenye mawe tu. Hata chumvi yake ukiipeleka mbali ukaikoroga ndani ya pipa, sharti ni lile lile. Njiani kurudi ulicheka, rozari shingoni, ukasema hayo ni mambo ya wapagani. Lakini Jumapili iliyofuata, kabla hujavua shati, ulinivuta pembeni ukaniambia ni wewe uliyekula samaki wangu wa kukausha. Tulicheka mpaka mjomba akatukaripia. Kwa samaki uliogopa, Banza. Kwa samaki ulikuja kusema!

Miaka ikapita hivyo, kila tulipopata Jumapili ya kupumzika. Kisha yule shefu wa reli, mzungu aliyekuwa mkubwa wetu, akaumia kiuno, akawa anatembea kama bata. Muda si mrefu wakaja wazungu kwenye maji yetu, wakapima, wakazungusha waya, wakajenga nyumba ya bati na kuingiza bomba, wakaweka mlinzi mwenye fimbo. Watu wetu walifukuzwa wakiwa na taulo zao mabegani. Siku hizi wanawake wanachota kwenye mfereji wa chini, maji yamepoa, yana povu la sabuni ya wazungu. Magoti ya mama yangu yamevimba. Zamani alikuwa akienda sokoni na kurudi kwa miguu. Sasa kutoka nyumbani hadi jikoni anashika ukuta.

Kijiji kikauliza nani alionyesha njia. Nani mwingine? Mtoto wa kijiji anayefanya kazi ya reli ni mimi peke yangu. Jumapili ile nilikuwa na wewe, ulikuwa umesimama pembeni yangu umeshika baiskeli yako, mjomba aliponinyooshea kidole mbele ya watu wote, "Ngoy, weye njo uliuzisha maji ya bamama zetu." Niliapa. Nilimwita Mungu. Nawe ulikuwa unakwaruza matope kwenye gurudumu kwa kucha.

Njiani uliniambia, "Acha, Ngoy. Batachoka. Batasahau." Nikakushukuru. Unasikia? Nilikushukuru kwa kunifariji!

Hawakuchoka na hawakusahau. Mke wangu alipojifungua, alikatazwa hata kuteka kwenye ule mfereji mchafu. Mdogo wake mjomba alipokufa, sikuitwa kubeba jeneza, niliona linapita nami nimesimama kando kama mpita njia. Mjomba hanipi mkono. Na mama, Banza. Mama hajaniuliza hata siku moja kama ni mimi. Ananikaribisha, ananipakulia ugali wa bukari na mboga ya sombe, anauliza habari za watoto, basi. Nimekula chakula hicho miaka hii yote bila kujua kama hakuniuliza kwa kuwa ananiamini au kwa kuwa aliogopa jibu langu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko waya, kuliko mlinzi, kuliko kila kitu. Jambo lenyewe lilihitaji neno lako moja tu.

Nawe ukawa kapita. Ukapewa kofia na filimbi na nyumba ya matofali, ukaacha kubeba vyuma. Tulisherehekea. Nilicheza mpaka suruali ikapasuka, uliniazima ya kwako. Nilifikiri Mungu ameuona mgongo wako. Kumbe mgongo wako ulikuwa umelipiwa na wangu.

Nimejaribu kukuelewa, usidhani sikujaribu. Ulikuwa na maumivu. Shefu pia alikuwa na maumivu, labda alikuuliza wewe ulipona wapi, na mtu mweusi akiulizwa na mzungu wa cheo kile hapati nafasi ya kufikiri. Labda ulidhani atakwenda mara moja, aloweke kiuno chake, arudi, basi. Ungekuja ukaniambia hivyo, ningekupiga. Ningekupiga kweli, ningekung'oa jino. Kisha tungekaa chini, tungekwenda pamoja kwa mjomba, na mimi ningekuombea. Kosa la kuonyesha njia ningeweza kulimeza. Lakini kunitazama nikibeba mzigo wako, ukala kwangu, ukabeba watoto wangu, ukanishauri nivumilie! Hapo ndipo ninaposhindwa, Banza.

Sasa nije kwenye siku zile za kichomi kilichokuua. Kila ulipokohoa mgongo wako ulijikunja upya, ukawa unalala umekaa. Nilikwenda kwa mama, akanitolea chumvi ya zamani aliyoificha kwenye chungu, ile iliyokwanguliwa kwenye mawe kabla ya waya. Aliyokuwa ameiweka kwa magoti yake. Alinipa yote akasema, "Peleka kwa mutoto wangu Banza." Nilichemsha maji, nikayachanganya na ya baridi, nikapima kwa kiwiko kama tunavyofanya, nikajaza nusu pipa pale nyuma ya nyumba yako. Tukakushika mimi na Malgarita. Ulipoona pipa ulishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Hapana, Ngoy. Leo hapana." Nikasema leo ndiyo. Ukasema mwili hauna nguvu. Mtu asiye na nguvu, na vidole vyako nilishindwa kuvibandua kwenye mbao!

Nilichukia kidogo. Nilidhani umekuwa bwana mkubwa, unaona aibu ya dawa ya kijijini. Nikachovya kitambaa, nikakuwekea mgongoni kwa hila, nawe ukapiga ukelele kama nimekuunguza. Yalikuwa ya uvuguvugu, Banza. Niliyapima. Maji yakapoa ndani ya pipa, jioni nikayamwaga kwenye migomba. Chumvi ya mama yangu. Na ulipokufa mgongo ulikuwa umekaza hivyo hivyo, sisi tuliokuosha tulihangaika kukulaza.

Uliamini. Hilo ndilo sikulijua. Pamoja na rozari yako na kofia yako, uliamini kuliko hata mimi. Nilikuwa pale, nimepiga magoti mbele yako, nimekunja mikono ya shati, masikio yangu yapo. Ungesema kwa sauti ndogo, Malgarita akiwa jikoni. Ningelia, ningekutukana, kisha ningekuingiza majini. Ukaona ni bora ufe na maumivu kuliko unitazame usoni dakika moja. Kwa hiyo nilikuwa nani kwako? Miaka yote ile nilikuwa nani?

Malgarita anataka kwenda kwa mjomba kusema mwenyewe. Nilimkataza mwanzoni. Lile shamba analolima kando ya kijito alipewa na mama kwa sababu ya jina lako, na jina lako likiharibika, mjomba anaweza kulichukua shamba lenyewe. Nilimweleza. Akanijibu, "Shamba baikamate. Minyi nimechoka kulala na ile neno." Mwanamke huyo ana moyo kukushinda wewe, na usikasirike nikisema hivyo, huna tena haki ya kunikasirikia.

Nimemwomba mjomba akusanye watu kesho baada ya misa. Amekubali, bila kunipa mkono. Malgarita atasimama nami, lakini nitasema mimi. Najua waya hautang'olewa. Mama hatarudi kwenye maji yake, atakufa na magoti yale, na kesho nitamnyang'anya pia mtoto wake Banza, ambaye yeye humsalia rozari kila jioni. Nimelala nikilifikiria hilo. Nilikaribia kunyamaza kwa ajili yake. Kisha nikaona kwamba nikinyamaza, atakufa akiwa na shaka juu yangu, na mimi nimetoka tumboni mwake. Siwezi, Banza. Kwa ajili yako hilo siwezi.

Shamba likichukuliwa, mimi na Malgarita tutalima la kwangu, lipo la kutosha. Mwanao hatasikia kwangu tusi juu yako. Akikua akaniuliza nitamwambia yote, na mazuri yako nitayatia humo, maana yapo, na ndiyo yanayonifanya niandike badala ya kutema mate. Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na kati yetu wawili mwongo mmoja anatosha. Labda mwaka mwingine.

Lala, kama unaweza kulala. Nami nakuahidi hili moja: kesho nitasimama mahali mjomba aliponinyooshea kidole, na nitalitaja jina lako. Nitasema Banza, kisha jina la baba yako, kisha kijiji mlikotoka, polepole, nikimtazama mama yangu machoni, ili safari hii wasikosee mtu.

Ngoy